Sura ya Saba: Foleni Isiyokuwapo

"Mbona hawakufuata utaratibu?" Marekani swali hili huzuka kila uhamiaji unapojadiliwa, na wanaouliza ni watu wa kila aina: mwanasiasa jukwaani, mzee ambaye babu yake alitoka Poland akashukia New York, hata Mkenya aliyepata kadi ya kijani kwa bahati nasibu na sasa anaona waliovuka mpaka wa Mexico wanamharibia jina. Ni swali la haki. Kila nchi ina haki ya kuamua nani aingie, na aliyefuata sheria ana haki ya kumhoji ambaye hakuifuata. Ila anayeuliza huwa ameshajijibu moyoni: kwamba mahali fulani kuna dirisha, mbele ya dirisha kuna foleni, na hawa wengine wameiruka. Nimeandika sura hii ili tulitafute dirisha hilo ndani ya sheria yenyewe, kifungu kwa kifungu. Kwa wengi wanaofanya kazi Marekani bila makaratasi, halipo.

Sheria ya msingi ni ya mwaka 1952, na imefumuliwa na kushonwa upya mara kadhaa, hasa 1965, 1980, 1986, 1990 na 1996. Inampa mgeni ukaazi wa kudumu kwa njia nne kubwa: awe na ndugu, awe na mwajiri, awe mkimbizi au mwomba hifadhi, au ashinde bahati nasibu. Asiye na hata moja kati ya hizo hana pa kuanzia. Hakuna fomu ya kijana mwenye afya na nguvu, asiye na doa la uhalifu, anayetaka tu kwenda kutafuta maisha.

Tuanze na ndugu, maana hiyo ndiyo njia pana kuliko zote. Mke au mume wa raia, watoto wake wadogo na wazazi wake hawawekewi ukomo. Wengine wote, yaani watoto wakubwa, kaka na dada, na familia za wenye kadi ya kijani, wanagawiwa viza kwa idadi maalumu kila mwaka. Ili kila mmoja ajue zamu yake, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani hutoa Taarifa ya Viza kila mwezi. Ni jedwali dogo. Kushoto yameorodheshwa makundi ya ndugu, F1 mpaka F4. Juu kuna safu ya nchi zote kwa jumla, kisha safu za peke yake za China, India, Mexico na Ufilipino. Ndani ya kila kisanduku kuna tarehe, nayo inakwambia hivi: kama ndugu yako aliwasilisha ombi kabla ya siku hii, zamu yako imefika. Raia wa Marekani aliyemwombea kaka yake wa Mombasa au Bukavu husoma safu ya kwanza, na tarehe anayoikuta humo imepita kwa zaidi ya miaka 15. Mwenye kaka Mexico amekuwa akisoma tarehe za mwaka 2001. Tarehe hizo zinasogea kwa wiki moja moja, miezi mingine hazisogei kabisa, na kuna miezi zinarudi nyuma. Watu wanaolewa, wanafiwa, wanastaafu, kisanduku chao bado.

Sababu ni hesabu iliyoandikwa katika sheria. Hakuna nchi inayoruhusiwa kuchukua zaidi ya asilimia 7 ya viza hizi kwa mwaka. Mexico, jirani mwenye watu zaidi ya milioni 120, na Iceland isiyofikisha hata nusu milioni, zimewekewa ukomo ule ule. Walioupitisha waliuita usawa.

Sasa njia ya ajira. Viza za ukaazi kupitia kazi ni 140,000 kwa mwaka. Idadi hiyo iliwekwa mwaka 1990, na ndani yake wanahesabiwa pia wake, waume na watoto wa wafanyakazi. Sehemu kubwa imetengewa wasomi, wawekezaji na mafundi. Kwa kazi zote zisizohitaji miaka miwili ya mafunzo, sheria imetenga 10,000. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi nikizungumza na watu, na kila mara wananitazama kama nimeacha sifuri mahali. Sikuacha. Nchi yenye nguvukazi ya watu zaidi ya milioni 160 imetenga nafasi 10,000 za kudumu kwa mwaka kwa wachuma matunda wote, wachinja kuku wote, waezeka mapaa, waosha vyombo na watunza wazee wa dunia nzima, pamoja na familia zao.

Zipo viza za muda, na anayetetea hali ilivyo atazitaja upesi. Ile ya kilimo, H-2A, haina ukomo wa idadi, na wakulima wanaitumia sana. Lakini ni ya kazi za msimu. Ng'ombe wa maziwa hana msimu. Anakamuliwa asubuhi na jioni, Januari mpaka Desemba. Kwa hiyo mfugaji wa Wisconsin au Idaho anayetaka kuajiri mgeni kihalali anaambiwa kazi yake haistahili, kwa sababu haina mwisho. Anaajiri asiye na makaratasi, na nchi nzima inakunywa maziwa. Mkulima anajua, mbunge wake anajua, na msafirishaji wa maziwa anajua. Anayebeba kosa ni mkamuaji peke yake.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Karne ya 19 Marekani karibu haikuwa na sheria ya kumzuia Mzungu. Wachina walifungiwa mlango mwaka 1882, lakini Mtaliano au Myahudi wa Urusi alipanda meli bila viza, akashuka Ellis Island, akakaguliwa macho na kifua, na kwa kawaida jioni alikuwa mjini. Wajukuu wao wanaposema "babu yetu aliingia kihalali" wanasema kweli, ila sheria ya kuvunja haikuwepo. Ilikuja 1921 na ikakazwa 1924, ikiwa na migawo kwa kila taifa iliyopangwa makusudi ili wa Kaskazini mwa Ulaya waingie wengi na wa Kusini na Mashariki wachache. Waasia wakazuiwa karibu wote. Hapo ndipo Wazungu wengi wakaanza kuishi Marekani bila hati. Je, Kongresi iliwafanyaje?

Iliwapa hati. Mwaka 1929 ikapitisha sheria ya usajili: aliyekuwamo nchini tangu kabla ya Juni 1921, mwenye mwenendo mwema, na ambaye kuingia kwake hakukuandikwa popote, ajiandikishe awe mkaazi halali. Walionufaika wengi walitoka Ulaya na Kanada. Kisha tarehe ile ikawa inasogezwa mbele kadiri miaka ilivyopita: mwaka 1940 ikafika 1924, mwaka 1958 ikafika 1940, mwaka 1965 ikafika 1948, na mwaka 1986 ikafika Januari 1, 1972. Kifungu hicho hakikufutwa, kimo katika sheria mpaka leo. Lakini tarehe haijasogezwa tena. Leo anayetaka kukitumia lazima awe ameingia Marekani kabla Vita vya Vietnam havijaisha. Nawaomba wasomaji wakikumbuke kifungu hiki kila wanaposikia kwamba kuwapa hati walioishi nchini miaka mingi ni jambo geni lisilowahi kufanyika. Lilifanyika mara tano kwa kifungu hiki kimoja, na halikuibomoa Marekani.

Mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson alikaa chini ya Sanamu ya Uhuru akatia saini sheria iliyofuta migawo ya mataifa. Ilikuwa sheria njema. Bila hiyo Waafrika na Waasia wengi walioko Marekani leo wasingekuwako. Lakini ilikuja na jambo ambalo wachache walilitazama. Kwa mara ya kwanza iliweka ukomo kwa wahamiaji wa kutoka Amerika ya Kilatini na Kanada, 120,000 kwa mwaka. Mwaka mmoja kabla yake, 1964, Marekani ilikuwa imefunga mpango wa Bracero ulioleta vibarua wa Kimexico kwa mkataba tangu 1942. Mwaka 1976 ukaongezwa ukomo wa 20,000 kwa kila nchi ya upande huo wa dunia. Mashamba yakabaki pale pale, watu wakabaki wale wale, barabara ile ile, msimu ule ule. Kilichobadilika ni jina lao: vibarua wa mkataba wakawa wahalifu wa mpakani.

Mwaka 1986 Ronald Reagan, Rais wa chama cha Republican, alitia saini sheria iliyowapa hati watu wapatao milioni 2.7. Wapinzani wa mageuzi huitaja kila siku: tulisamehe 1986, tazama kilichofuata! Ni kweli kwamba haikufaulu. Waliokuwa nchini bila hati walikadiriwa kuwa milioni 3.5 mwaka 1990, na kufikia 2007 walikuwa milioni 12. Lakini wanaoilaumu wanashika kifungu kisichostahili lawama. Waliopewa hati walitulia, wakapata kazi bora, wakalipa kodi, na wengi wakawa raia. Kasoro ilikuwa katika vifungu vingine viwili. Kwanza, mwajiri aliambiwa ataadhibiwa akimwajiri asiye na ruhusa kwa kujua, kisha akaambiwa kwamba kukagua kitambulisho kinachoonekana halali kunatosha. Vitambulisho vya bandia vikapata soko. Pili, na hili ndilo kubwa, sheria haikufungua mlango kwa wafanyakazi ambao uchumi ungewahitaji mwaka 1990, 1995 na 2000. Iliwapa hati waliokuwa ndani, ikaacha ukomo ulivyokuwa, uchumi ukapanda, watu wakaja. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kutetea mageuzi ya sheria nzima kwa pamoja. Ukiwapa hati waliopo bila kufungua njia kwa wajao, unaanza kuhesabu upya. Ukifungua njia bila kusimamia waajiri, njia itapuuzwa. Na ukisimamia waajiri huku watu milioni 11 na zaidi hawana hati, utafunga mashamba na viwanda au utajifanya huoni. Marekani imejifanya haioni kwa miaka 40.

Kisha ikaja 1996. Sheria aliyoitia saini Bill Clinton mwaka huo haijulikani sana huku kwetu, lakini ndiyo inayowafunga watu wengi kuliko zote. Inasema aliyeishi bila kibali kwa zaidi ya siku 180 kisha akatoka nchini, haruhusiwi kurudi kwa miaka 3. Aliyeishi mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Angalia adhabu inaanzia wapi: inaanza unapotoka.

Chukua mwanamume wa Puebla aliyevuka jangwa la Arizona mwaka 1999, akafunga ndoa na raia wa Marekani, wakazaa watoto. Mke anaweza kumwombea, na kundi lake halina ukomo. Lakini kwa kuwa aliingia bila kukaguliwa mpakani, sheria haimruhusu kukamilisha hati akiwa ndani. Lazima aende ubalozi mdogo wa Marekani ulioko Ciudad Juárez. Akivuka tu kwenda huko, ile miaka 10 inaanza kuhesabiwa. Anaweza kuomba msamaha kwa kuonyesha kwamba mke wake, au mzazi aliye raia au mkaazi, atapata dhiki kubwa mno. Dhiki ya watoto wake yenyewe haihesabiki, sheria haikuwataja. Basi anabaki alipo, miaka 10, miaka 20, akiendesha gari kwa woga kila asubuhi.

Sasa mweke kando yake Mtanzania au Mkenya aliyeshuka Boston kwa viza ya mwanafunzi, akaacha chuo, viza ikaisha, akakaa miaka 10 hivyo hivyo, kisha akafunga ndoa ya kweli na raia. Huyu anakamilisha kila kitu ndani ya Marekani bila kutoka hata siku moja, kwa sababu aliingia kwa kukaguliwa. Namfurahia, na sitaki anyang'anywe. Lakini wote wawili walikaa bila kibali, na wote wameoa raia. Tofauti yao ni kwamba mmoja aliweza kununua tiketi ya ndege.

Kuna mtaalamu wa jamii wa Chuo Kikuu cha Princeton, Douglas Massey, aliyewafuatilia wahamiaji wa Mexico kwa miongo kadhaa. Utafiti wake ulionyesha jambo ambalo wanasiasa hawakulitarajia. Zamani wanaume wa Mexico walikuja, wakavuna, wakarudi kwao na fedha za kujengea nyumba. Marekani ilipoanza kubana mpaka El Paso mwaka 1993 na San Diego 1994, kuvuka kukawa ghali na hatari, na aliyefika hakuthubutu kurudi, akaita mke na watoto. Mpaka uliobanwa uliwafungia ndani watu ambao wangeondoka wenyewe.

Kwa kuwa Kongresi haitungi sheria, marais wamekuwa wakiweka viraka. Kinachojulikana zaidi ni DACA, alichotangaza Barack Obama Juni 15, 2012, kwa vijana walioletwa wakiwa watoto, kabla hawajafikisha miaka 16. Wamenufaika zaidi ya 800,000. Wanapewa kibali cha kazi cha miaka miwili miwili, bila njia ya kuufikia ukaazi wa kudumu. Mswada wa kuwapa njia hiyo uliwasilishwa mara ya kwanza mwaka 2001 na Dick Durbin wa Democratic pamoja na Orrin Hatch wa Republican. Donald Trump alitaka kufuta DACA. Mahakama ya Juu ikamzuia mwaka 2020 kwa kura 5 kwa 4, kwa hoja ya utaratibu tu. Waliokuwa watoto wakati mswada ule unaandikwa sasa wana watoto wao shuleni, na bado kila baada ya miaka miwili wanajaza fomu na kusubiri barua.

Kiraka kinachowagusa zaidi wasemaji wa Kiswahili ni ukimbizi. Sheria ya mwaka 1980 inamwachia Rais kupanga, kila mwaka wa fedha, wakimbizi wangapi wapokewe. Mwaka 2016 kiwango kilikuwa 85,000. Mwaka 2020 kikawa 18,000. Mwaka 2022 kikapandishwa mpaka 125,000. Mwaka wa fedha 2026 kimeshushwa mpaka 7,500. Sheria haikubadilika hata nukta moja katika miaka hiyo yote. Amebadilika mwenye kalamu. Mwaka wa fedha 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na waliotoka Kongo ndio walioongoza, karibu 20,000. Januari 20, 2025, siku ya kuapishwa kwa Trump, ikatolewa amri ya kuusimamisha mpango mzima.

Aliyekaa katika kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kyangwali anaijua safari ya faili la mkimbizi anayeomba kwenda Marekani. Mahojiano ya kwanza, mahojiano na afisa wa Marekani, uchunguzi wa usalama, vipimo vya afya, mafunzo ya maisha ya huko, ndipo ndege. Kila hatua ina muda wake wa kuisha. Vipimo vya afya vikiisha wakati uchunguzi wa usalama haujakamilika, unapimwa upya; mtoto akizaliwa, faili linafunguliwa upya. Familia inaweza kutumia miaka kulinganisha vipindi hivyo mpaka vyote viwe hai kwa wakati mmoja, kisha sahihi moja Washington inazima kila kitu, na vipimo vinaanza tena kuisha. Hawa wameruka foleni gani? Hakuna watu waliopanga foleni kwa utii kuwashinda.

Wako Wakongo waliochoka kusubiri wakapita njia nyingine. Juni 2019 jiji la Portland, katika jimbo la Maine kule kaskazini-mashariki, lilipokea kwa ghafla mamia ya waomba hifadhi, wengi kutoka Kongo na Angola. Walikuwa wameruka kwa ndege mpaka Amerika ya Kusini, wakapita kwa miguu msitu wa Darién kati ya Kolombia na Panama, wakafika Texas, kisha wakapanda basi. Jiji likawafungulia ukumbi wa mpira wa kikapu, wakatandikiwa vitanda vya turubai sakafuni. Wakazi walichanga mamia ya maelfu ya dola, na baadhi wakachukua familia nzima nyumbani kwao. Maine ndilo jimbo lenye wazee wengi kuliko yote kwa uwiano. Hospitali, hoteli na viwanda vya samaki vilikuwa vinatafuta wafanyakazi kwa tochi. Mle ukumbini kulikuwa na watu wazima wenye nguvu na fani zao, waliokuwa tayari kuanza kesho yake.

Hawakuruhusiwa. Sheria ya 1996 inasema mwomba hifadhi asipewe kibali cha kazi mpaka zipite siku 180 tangu awasilishe ombi. Na ombi lenyewe ni fomu ndefu ya Kiingereza, inayohitaji ushahidi na, kama una bahati, wakili. Ukiomba kesi isogezwe mbele ili umpate wakili huyo, siku zinaacha kuhesabiwa. Kwa hiyo jiji lililokosa wafanyakazi lililipa kodi ya nyumba na chakula cha wafanyakazi waliokatazwa kufanya kazi. Seneta Susan Collins wa Maine, wa chama cha Republican, amependekeza siku 180 zipunguzwe ziwe 30. Haijapita.

Kesi zenyewe huamuliwa na mahakama za uhamiaji, ambazo kwa hakika haziko ndani ya mhimili wa mahakama. Ziko chini ya Wizara ya Sheria. Mwanasheria Mkuu ndiye anayewaajiri majaji na anaweza kutengua uamuzi wao. Kesi zilizorundikana zimezidi milioni 3. Anayeshtakiwa anaruhusiwa wakili akimlipa mwenyewe. Serikali haimpi, hata akiwa mtoto. Kukosa wakili katika sheria ngumu namna hii ni kushindwa kabla hujaitwa jina.

Mara ambazo mageuzi yalikaribia zinauma kuzikumbuka. Mwaka 2006 Seneti ilipitisha mswada, Baraza la Wawakilishi halikuupitisha. Mwaka 2007 George W. Bush aliusukuma mwingine, ukafia Seneti. Uliofika mbali zaidi ni wa Juni 27, 2013. Maseneta wanane, wanne kila chama, wakiwamo John McCain, Marco Rubio, Chuck Schumer na Durbin, waliketi miezi kadhaa wakaandika sheria nzima. Asiye na hati angelipa faini na kodi anazodaiwa, apekuliwe rekodi, ajifunze Kiingereza, na asubiri miaka 13 kabla ya uraia. Waajiri wote wangelazimika kukagua ruhusa ya kazi kwa kompyuta. Mpaka ungeongezewa karibu askari 20,000. Kungekuwa na viza mpya ya wafanyakazi wa kawaida, na foleni za ndugu zingepunguzwa. Ofisi ya Bajeti ya Kongresi, isiyo ya chama chochote, ilikadiria kwamba nakisi ya serikali ingepungua. Seneti iliupitisha kwa kura 68 dhidi ya 32. Spika John Boehner hakuruhusu upigiwe kura katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka uliofuata kiongozi wa Republican barazani, Eric Cantor, akaangushwa na mwanachama mwenzake katika kura za mchujo, akiandamwa kwa suala hilo hilo, na wenzake wakaogopa. Februari 2024 mswada mwembamba zaidi, wa mpaka na hifadhi, nao ulikwama Seneti baada ya Trump kuupinga.

Wanaopinga wana hoja nzito moja ambayo siwezi kuipita: mshahara wa mzawa maskini. Taasisi ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilichunguza suala hili mwaka 2016 ikaona kwamba kwa jumla uhamiaji haushushi sana mishahara, ila wahamiaji waliotangulia na wazawa wasiomaliza sekondari wanaweza kuumia. Sasa tuulize kinachowaumiza. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanda cha plastiki cha Hoffman, California. Mfanyakazi asiye na hati alifukuzwa kwa kuunga mkono chama cha wafanyakazi, jambo lililo kinyume cha sheria. Mahakama ikasema, kwa kura 5 kwa 4, kwamba kwa kuwa hakuwa na ruhusa ya kazi, halipwi mshahara alioupoteza. Mwajiri yeyote aliyesoma hukumu ile alijua nani ni rahisi kumnyamazisha. Raia anayefanya kazi kwenye mashine ya jirani naye ananyamaza, kwa sababu akidai nyongeza yupo wa kuchukua nafasi yake asiyeweza kudai. Mpe hati huyo wa kwanza na wote wawili wataweza kuinua mdomo. Anayejali mshahara wa mzawa ndiye angetangulia kutaka mageuzi haya.

Kuhusu kodi, taasisi ya utafiti wa kodi ya ITEP ilikadiria kwamba mwaka 2022 wasio na hati walilipa dola bilioni 96.7, ambazo zaidi ya bilioni 25 ziliingia katika mfuko wa pensheni ambao wengi wao hawatauchota. Na wapo watoto zaidi ya milioni 4 waliozaliwa Marekani, raia kamili, wenye angalau mzazi mmoja asiye na hati. Anayesema wafukuzwe wote awajibu hao.

Wewe unayesoma kitabu hiki Nairobi, Dar es Salaam au Goma, usimlipe wakala anayekuahidi ushindi wa bahati nasibu ya viza; hakuna anayeweza kukushindisha. Na ndugu yako wa huko asipokuja msibani, usiseme amekusahau kabla hujauliza habari za makaratasi yake.

Nawe uliyekwisha kuapa, uliye raia huko Minneapolis, Dallas, Louisville au Lowell, una kitu ambacho wengi niliowataja humu hawana, nacho ni kura. Mwakilishi wa jimbo lako ana ofisi na ana simu, na raia wa jimbo akipiga, maoni yake huandikwa. Mwulize kama yuko tayari kupiga kura ya sheria nzima: hati kwa walioko, njia kwa wajao, usimamizi kwa waajiri, mahakama huru. Mwulize pia ile tarehe ya 1972 ataisogeza lini. Usikubali jibu la mpaka kwanza, mengine baadaye. Hilo limetolewa kwa miaka mingi. Piga tena mwezi ujao, na mwezi wa uchaguzi nenda kapige kura.